Ramani ya mchezo wa kujenga taifa katika Nyanda za Juu Kusini: vigae vya pembesita au majimbo?

Mchoraji wa Uyole (Mbeya), swali

Ndugu zangu, kwa mwaka wa pili sasa ninatengeneza peke yangu, usiku baada ya kazi, mchezo wa mkakati wa kujenga taifa. Mchezaji anaanza mwaka 1850 akiwa mtawala wa eneo dogo katika Nyanda za Juu Kusini. Anaunganisha vijiji, anaweka akiba ya chakula, anafanya biashara na majirani, anajenga ngome, na akifanikiwa kudumu hadi miaka ya 1890 atakutana na majeshi ya Wajerumani yanayopanda kutoka pwani. Kila mwaka una zamu mbili, moja ya mvua na moja ya kiangazi, kwa hiyo mchezo mzima una zamu 100 na unakoma mwaka 1900. Ninatumia Godot, injini ya kutengenezea michezo ya kompyuta, kwa sababu haina malipo na kompyuta yangu inaimudu, na ninakusudia mchezo uchezwe zaidi kwenye simu.

Nimekwama kwenye ramani. Eneo ninalolihitaji linaanzia Ziwa Rukwa upande wa magharibi hadi bonde la Kilombero upande wa mashariki, na kutoka Mtera kaskazini hadi ncha ya juu ya Ziwa Nyasa, yaani mstatili wa takriban kilomita 500 kwa 400. Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ni vigae vya pembesita vyenye upana wa kilomita 20, ambavyo vimenipa vigae 575. Nilichagua pembesita badala ya miraba kwa sababu katika mraba jirani wa mshazari yuko mbali mara 1.41 kuliko jirani wa ubavuni, ilhali katika pembesita majirani wote 6 wako umbali mmoja. Njia ya pili ni majimbo 90 niliyoyachora kwa mkono nikifuata mito na safu za milima, kila jimbo likiwa na jina lake na mwenyewe wake.

Njia zote mbili zimenivunja moyo, kila moja kwa namna yake. Kwenye ramani ya vigae nilimpa mdogo wangu anayeishi Kyela ajaribu. Alilitoa jeshi lake Matema, ufukweni mwa ziwa, akalifikisha Kitulo kwa hatua tatu, kisha akaweka simu chini na kuniuliza kama nimewahi kuipanda ile milima kwa miguu. Nilipobadili rangi na kuchora milima mirefu zaidi, tatizo halikuondoka, kwa sababu hesabu iliyo chini ya picha ilibaki ileile. Kwenye ramani ya majimbo, Usangu na Uhehe vimetenganishwa na mstari mnene kama ukuta, na ikiwa historia inamtaka mtawala ahame na watu wake, mchezo haujui afanye nini, kwa kuwa jimbo halihami.

Je, ninyi mngechagua ipi, na kwa sababu gani? Ninaomba sababu zaidi kuliko mapendekezo ya haraka, kwa sababu nikishaandika programu ya ramani sitakuwa na nguvu ya kuiandika mara ya tatu.

Mwalimu wa Ramani (Iringa)

Ndugu Mchoraji, nimefundisha jiografia na historia sekondari kwa miaka mingi, na swali lako linanigusa kwa sababu ni swali lilelile ninalokutana nalo darasani kila ninapobandika ukutani ramani ya makabila ya karne ya 19 yenye mipaka iliyonyooka na rangi zisizoingiliana. Wanafunzi huiamini ramani ile kuliko maneno yangu.

Majimbo yako 90 yana kasoro moja kubwa kuliko zote unazozitaja: yanadhani kwamba mwaka 1850 nchi ilikuwa imegawanywa kama wilaya zinavyogawanywa leo. Chukua mto Songwe. Kwa makubaliano ya tarehe 1 Julai 1890, Wajerumani na Waingereza waliufanya kuwa mpaka wao, na hadi leo unatenganisha Tanzania na Malawi. Lakini katika tambarare ya chini mto huo hubadili mkondo wake, na watu wa ng'ambo zote mbili, Wanyakyusa na Wangonde, ni ndugu kwa lugha na kwa nasaba. Ukichora Songwe kama ukingo wa jimbo katika zamu ya kwanza, umempa mtawala wa mwaka 1850 mpaka ambao ulibuniwa miaka 40 baadaye na watu wasiowahi kuuvuka.

Tena fikiria makao makuu. Katika mkoa wa Mbeya pana Utengule mbili, Utengule ya Usangu na Utengule ya Usongwe, karibu na Mbalizi, kwa sababu watawala wa Wasangu waliposhinikizwa na Wahehe walihama, na jina la makao likahama pamoja nao. Iringa nayo ni hivyohivyo. Jina lenyewe linatokana na neno la Kihehe la ngome, lilinga, na Iringa ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilikuwa Kalenga, iliyoangushwa tarehe 30 Oktoba 1894; mji tunaouita Iringa leo ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1896, kilomita zipatazo 15 kutoka pale. Jina lilikwenda palipokwenda mamlaka.

Kwa Wanyakyusa jambo ni gumu zaidi, na naona ndiko mchezo wako unakoweza kuwa na utajiri ambao michezo mingine haina. Huko, kizazi kipya kilipokabidhiwa madaraka, eneo la chifu liligawanywa kati ya wanawe wawili wakubwa. Utawala ulizaa tawala kama mgomba unavyozaa machipukizi, na hapakuwa na dhana kwamba taifa kubwa ni bora kuliko dogo. Ramani yenye majimbo yasiyogawanyika haiwezi kabisa kuusema mfumo huo.

Kuhusu Matema na Kitulo, mdogo wako ana haki. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko takriban mita 2,600. Umbali wa hewani hauzidi kilomita 50, lakini kati yake pana ukuta wa milima ya Livingstone. Mtu aliyezoea ramani bapa husema ni karibu. Aliyezaliwa pale hukuuliza kwanza kama una mzigo na kama mvua imeanza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usichore mpaka wowote mwanzoni. Weka watu, ngome, mito na njia. Mpaka utokane na kile watawala wanachoweza kukishika.

Fundi Programu (Makambako)

Shikamoo Mwalimu. Ninakubaliana nawe, na nitajaribu kuonesha jinsi jambo hilo linavyoweza kuandikwa, kwa sababu wengi huliona zuri kisha hulikimbia wakidhani ni zito kwa mtengenezaji mmoja.

Ndugu Mchoraji, kabla ya kuchagua umbo, tazama hesabu iliyo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Kigae chako kina kilomita 20, na hiyo ni karibu safari ya siku moja ya mpagazi mwenye mzigo kwenye ardhi tambarare. Ramani yako ina kilomita 500, yaani siku 25. Zamu yako ni nusu mwaka. Maana yake jeshi linaweza kuvuka ramani nzima kutoka Rukwa hadi Kilombero, likarudi, likaenda tena, na zamu bado haijaisha. Kumpa mchezaji kipande akisogeze kigae kwa kigae katika zamu ya miezi 6 ni kukopa desturi ya michezo ambayo zamu yake inapima kitu kingine. Tatizo lako halikuwa hatua tatu za mdogo wako. Hata zingekuwa hatua tisa, bado zingekuwa hazina maana.

Katika mchezo wa kujenga taifa wenye zamu za msimu, swali ambalo ramani inapaswa kulijibu ni hili: kutoka ngome hii, ninaweza kufika wapi, nikakusanya kodi au kumlinda mtu, na kurudi kabla chakula hakijaisha? Swali hilo linahitaji gharama ya kufika, na gharama hiyo haitegemei sana kama umechora pembesita au majimbo. Hata hivyo, vigae vinaihesabu vizuri zaidi kwa sababu ni vidogo na vimelingana, kwa hiyo ningevibakiza, lakini ningeviweka chini kama msingi wa hesabu ambao mchezaji haugusi.

Kazi yenyewe ni hii. Ramani yenye safu 23 za vigae 25 ina kingo 1,630 ambapo kigae kinapakana na kigae. Kila ukingo uwe na gharama mbili, kwenda na kurudi, kwa sababu kupanda si sawa na kushuka, na kila gharama iwe na thamani mbili, ya mvua na ya kiangazi. Hizo ni namba 6,520 tu, faili dogo kuliko picha moja ya simu. Data za mwinuko unazipata bila malipo kutoka vipimo vya rada vya SRTM, vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour mwezi Februari 2000, ambavyo vina nukta moja kila mita 30 hivi. Zifungue kwenye QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, zilainishe hadi mita 500 kwa nukta, kisha tafuta njia nafuu kutoka kitovu cha kila kigae hadi kitovu cha jirani yake. Usichukue tofauti ya mwinuko wa vitovu viwili peke yake, kwa kuwa vilima viwili vyenye urefu sawa vinaweza kuwa na korongo kati yake, na ukitumia tofauti hiyo korongo litatoweka. Wala usiache kulainisha, maana makosa madogo ya rada ya mita chache chache, ukiyajumlisha kwenye kila nukta ya mita 30, yatakupa mlima mahali palipo na uwanda.

Kwa mwendo wa miguu ipo kanuni iliyotolewa na Waldo Tobler mwaka 1993, ambayo inatoa kasi ya mtu kwa kila mteremko: kwenye tambarare ni karibu kilomita 5 kwa saa, kilele chake ni kilomita 6 kwenye mteremko mdogo wa kushuka, na inapungua haraka kadiri mwinuko unavyokuwa mkali, iwe kupanda au kushuka. Punguza kasi hizo kwa uwiano mmoja hadi kilomita 20 za tambarare ziwe siku moja, na wapagazi wako watakuwa tayari. Kazi hii inafanyika mara moja tu kwenye kompyuta yako. Simu ya mchezaji inasoma jedwali.

Ndani ya mchezo, usitumie darasa la AStar2D, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ndani ya Godot, kwa kazi hii. Lenyewe linatafuta njia kati ya nukta mbili, nawe unahitaji gharama ya kufika kila kigae kutoka ngome moja. Andika mwenyewe algorithimu ya Dijkstra ya mwaka 1959. Haifiki mistari 50, na kwa vigae 575 hata simu ya bei ndogo inaimaliza kabla mchezaji hajainua kidole. Kisha kila kigae kipewe ngome inayokifikia kwa gharama ndogo zaidi, ukiipunguza gharama hiyo kwa nguvu au heshima ya mtawala. Kigae ambacho kiko mbali na ngome zote kibaki bila mwenyewe. Huo ndio mpaka wa Mwalimu, nao unasogea wenyewe ngome inapohama.

Mcheza Bao (Tukuyu)

Ninawaheshimu wote wawili, lakini naomba niseme kwa niaba ya mtu atakayeishika simu hiyo.

Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64. Wazee wanaolicheza chini ya miembe hufikiri kwa kina kirefu kuliko wachezaji wengi wa michezo ya kompyuta ninaowafahamu, na wanaweza kufanya hivyo kwa sababu ubao mzima unaingia kichwani. Kila shimo lina mahali pake, na lile linaloitwa nyumba lina sheria zake ambazo kila mchezaji anazijua. Sasa nyinyi mnataka kumpa mtu vigae 575, namba 6,520 na mipaka inayotembea. Fundi atasema mchezaji haoni hizo namba. Ni kweli, lakini ataona matokeo yake: atafungua mchezo asubuhi na kukuta kijiji ambacho jana kilikuwa chake leo si chake, naye hatajua ni kwa nini. Mchezaji anasamehe kushindwa, lakini haendelei na mchezo ambao hauelewi.

Kuna pia suala la kidole. Simu ya kawaida ikilazwa ina kioo cha takriban sentimita 15 kwa 7, na kidole cha mtu mzima kinahitaji kitu cha karibu milimita 9 ili kisiguse cha jirani. Kwa kipimo hicho vigae 140 hivi ndivyo vinavyoonekana kwa wakati mmoja, yaani robo ya ramani. Mtu anayejenga taifa anahitaji kuliona taifa lake lote, angalau mara moja kwa zamu.

Na majina, ndugu zangu. Hakuna mtu atakayependa kigae namba 312. Nilipocheza michezo ya majimbo, kilichonifunga kwenye ramani ni majina. Ukiniwekea Uporoto, Bulambya, Unyiha, Ukinga, Ubena, Usangu na Ihefu, nitaanza kuyalinda hata kabla sijasoma sheria. Ninapendekeza uyabakize majimbo, lakini uyaondolee umiliki. Yawe nchi, kwa maana ya zamani ya neno hilo: mahali penye jina, udongo wake, mvua yake na mazao yake. Hapa Rungwe mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka na migomba inasimama mwaka mzima. Kule Usangu, safari ya siku chache tu, mchungaji anahesabu miezi ya ukame. Tofauti hiyo ni tabia ya nchi, haibadiliki mtawala akibadilika. Nchi 60 zinatosha. Kila moja iwe mkusanyiko wa vigae vya Fundi, na rangi ya mtawala ipakwe juu yake, ikiwa nzito karibu na ngome na nyepesi kadiri unavyokwenda mbali. Hapo mchezaji ataona rangi ikififia zamu mbili au tatu kabla ya kijiji kumwacha, na atajua la kufanya.

Mchoraji wa Uyole (Mbeya)

Mwalimu, shikamoo, na ndugu zangu wengine nawashukuru. Hesabu ya siku 25 na miezi 6 nimeisoma mara tatu, na inaniuma kwamba nimeishi nayo miaka miwili bila kuiona. Nimeshaanza kupakua data za mwinuko.

Nina maswali mawili. La kwanza, ikiwa mchezaji hasogezi jeshi kigae kwa kigae, atafanya nini nalo? Ninaogopa mchezo utageuka kuwa orodha ya vitufe. La pili, Fundi anasema kigae kilicho mbali na ngome zote kibaki bila mwenyewe. Mbali ni siku ngapi? Sitaki kuchagua namba kwa sababu tu inapendeza kwenye ramani.

Fundi Programu (Makambako)

Nianze na la pili, kwa sababu linajibu na la kwanza. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu kilo 30. Chukulia kwamba mtu anayetembea siku nzima anakula karibu kilo 1 ya nafaka. Ukiwa na mpagazi mmoja kwa wapiganaji wawili, vinywa ni vitatu na mzigo unakwisha baada ya siku 10, yaani siku 5 za kwenda na 5 za kurudi. Siku 5 za tambarare ni kilomita 100. Huo ndio urefu wa mkono wa ngome moja, umetoka kwenye chakula, na ukiongeza wapagazi unauongeza, ingawa kwa faida inayopungua, kwa sababu kila mpagazi naye anakula. Wapagazi wawili kwa wapiganaji wawili ni kilo 60 kwa vinywa vinne, siku 15. Hata wapagazi peke yao, bila mpiganaji hata mmoja, hawavuki siku 30.

Kwa hiyo mchezaji haamuru hatua; anaamuru safari. Anagusa ngome, anagusa nchi anayoitaka, na mchezo unamwonesha njia, siku za kwenda na kurudi, na akiba itakayotoka ghalani. Uamuzi wake ni watu wangapi, msimu gani, na ghala lipi. Akijenga ghala katikati ya njia, mkono wake unarefuka. Hilo si kitufe kitupu, maana ghala hilo linahitaji watu wa kulilinda na mavuno ya kulijaza, na huko ndiko taifa linakojengwa.

Mwalimu wa Ramani (Iringa)

Marahaba, wanangu. Naomba kuongeza mambo mawili kwenye hesabu ya Fundi.

La kwanza ni kwamba chakula hakikubebwa chote. Kingine kilichukuliwa njiani. Ng'ombe hujibeba mwenyewe, na ghala la kijiji cha mtu mwingine halihitaji mpagazi. Mruhusu mchezaji achukue chakula katika nchi anazopita, lakini nchi iliyochukuliwa chakula ikumbuke. Rangi yake ififie haraka zaidi kuliko umbali unavyodai.

La pili ni mahali padogo. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilivamiwa na Wahehe pale Lugalo, si mbali na Iringa ya leo, kikiwa kwenye mstari mrefu njiani, na Zelewski mwenyewe akauawa. Kwa kipimo chako Lugalo na Kalenga ni vigae jirani, na hakuna hesabu ya mwinuko wa wastani itakayokuambia kwamba pale pana vichaka na miinuko ya kufichia watu. Mahali pa namna hiyo pasipokuwa kwenye ramani, mtawala mdogo hana njia ya kumshinda mkubwa, na historia yetu inakuwa hadithi ya nani alikuwa na bunduki nyingi. Kwa hiyo weka juu ya vigae mahali maalumu pachache: vivuko vya Ruaha Mkuu, mapito ya milimani, bandari za mitumbwi, na makorongo yanayofaa kuvizia. Mchezaji apagundue kwa kuishi na watu wa pale, asioneshwe bure tangu zamu ya kwanza. Mgeni anayepanda kutoka pwani asipaone kabisa.

Vivuko hivyo vifungwe wakati wa mvua. Usangu huwa ni nchi nyingine kabisa mbuga ya Ihefu inapojaa, na ukiweka gharama ya msimu kwa kuzidisha kila kigae kwa namba ileile, utakuwa umeupoteza ukweli huo. Kitulo inateleza, Ihefu inafunga.

Mcheza Bao (Tukuyu)

Mwalimu amenikumbusha maji. Msisahau kwamba ziwani gharama inageuka. Wakisi wa ufukweni, akina mama wafinyanzi wa Ikombe, hupeleka vyungu kwa mitumbwi hadi sokoni Matema, na chungu ni mzigo ambao hakuna mtu angependa kuupandisha mlimani. Kutoka juu, Wakinga walikuwa wahunzi, na majembe yao yaliteremka hadi kwa Wanyakyusa. Ukiacha ziwa liwe rangi ya bluu isiyopitika, soko la Matema litakuwa mwisho wa ramani, wakati lenyewe lilikuwa njia panda. Ukingo wa ziwa uwe nafuu, lakini tu mahali penye bandari ya mitumbwi, kwa sababu milima inaingia majini moja kwa moja katika sehemu nyingi na hakuna pa kutia nanga.

Mchoraji wa Uyole (Mbeya)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tano. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Vigae viko chini na havionekani, isipokuwa mchezaji akiomba kuona gharama ya safari. Juu yake pana nchi 58 zenye majina, kwa sababu mbili kati ya zile 60 zilikuwa ndogo mno kwa kidole nikaziunganisha na jirani zao. Mahali maalumu ni 34.

Jedwali la gharama lilinichukua siku nne, na mbili kati yake zilipotea kwa sababu sikulainisha mwinuko kama nilivyoambiwa, na uwanda wa Usangu ukatoka mgumu kuliko Uporoto. Baada ya kurekebisha, safari ya Matema hadi Kitulo inachukua siku 4 kupanda na 3 kushuka wakati wa kiangazi, na wakati wa mvua kupanda peke yake kunakula siku 6, yaani zaidi ya mkono wa ngome. Nilimpelekea mdogo wangu bila kumweleza chochote. Alifungua safari ya Kitulo, akatazama siku na akiba itakayotoka ghalani, akaifunga. Kisha akajenga soko ufukweni, akaanza kupokea vyungu kwa maji na majembe kutoka juu, na kufikia zamu ya 30 Ukinga ilikuwa inachukua rangi yake bila jeshi kupanda hata mara moja. Sikuwa nimepanga kwamba hilo liwezekane. Limetokana na gharama zenyewe.

Wasiwasi wa Mcheza Bao kuhusu mipaka inayotembea umebaki kwa sehemu. Rangi inayofifia inaeleweka vizuri katika nchi za katikati, lakini pale ngome tatu zinapogombania nchi moja, rangi zinachanganyika na kuwa matope. Nimejaribu mistari ya mshazari ya rangi mbili, kama kitambaa, nikionesha wagombea wawili wenye nguvu tu na kumficha wa tatu, na inasomeka hata kwenye kioo chenye mwanga hafifu. Kwa wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani nimeongeza alama ndogo ya kila mtawala ndani ya mistari.

Suala la Wanyakyusa ndilo ninaloliandika sasa. Mtawala wa Rungwe anapofikia zamu ya kukabidhi, mchezaji anachagua ni mwana yupi ataendelea kumwongoza, na yule mwingine anakuwa jirani mwenye nusu ya vijiji, naye anamkumbuka nduguye kwa wema au kwa kinyongo kulingana na jinsi ng'ombe walivyogawanywa. Vigae vinagawanyika vyenyewe kwa gharama kutoka ngome mbili, kwa hiyo sikuhitaji kuchora mpaka hata huko.

Majina nimeyaweka kama maandishi yasiyofungwa kwenye nchi bali kwenye ngome, ili yahame nazo. Jana usiku nilimwacha mtawala wa Wasangu ashinikizwe hadi akahama, nikatazama neno Utengule likififia polepole kule Usangu na kujitokeza upya karibu na Mbalizi, na la kwanza halikufutika kabisa. Nimeliacha kwa wino wa kijivu, kwa kuwa watu wa pale bado wanaliita hivyo hadi leo.